Jina, Damu na Ardhi: Kuisoma Hindutva ya Savarkar Kutoka Kisumu

Makala haya yananuia kuhakiki Hindutva, kitabu cha Vinayak Damodar Savarkar kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1923 chini ya lakabu, mwandishi akiwa bado mfungwa wa Waingereza. Kwa kawaida kitabu hiki huachiwa wataalamu wa siasa. Sisi tunakichukua kama matini, na kuuliza: ufafanuzi wake wa jina moja unafanya kazi gani, na unampa nafasi gani Mhindu aliyezaliwa Kisumu, mji uliofikiwa na reli mwaka 1901?

Savarkar anaanza kwa kumtaja Juliet wa Shakespeare, aliyeshikilia kwamba jina si kitu. Anampinga kwa upole: kwake, jina ni historia nzima ya watu. Kisha analifuata neno Hindu hadi Sindhu, jina la mto. Hii ni mbinu ya kisanaa kabla ya kuwa hoja ya kihistoria. Msomaji anapokubali kwamba jina limechipuka kutoka mtoni, anakuwa amekwisha kukubali kwamba watu nao wamechipuka pamoja nalo.

Ndipo unapokuja ufafanuzi wenyewe. Mhindu ni yule ambaye nchi ile, tangu mto Sindhu hadi baharini, ni ardhi ya mababa zake na vilevile ni ardhi yake takatifu. Sharti la kwanza pekee lingewakubali Waislamu na Wakristo wengi wa huko, kwani mababa zao ni wa pale pale. Sharti la pili linawatoa, kwa madai kwamba utakatifu wao uko Uarabuni au Palestina. Wafuasi wa Buddha, Wajaini na Masingasinga wanabaki ndani, maana dini zao zilizaliwa katika ardhi hiyo. Ni dhahiri kwamba masharti haya hayakuwekwa ili kueleza. Yamewekwa ili kuchuja.

Hata hivyo, matini inajisaliti. Savarkar anamkabili Dada Nivedita, mwanamke wa Ireland aliyeihamia India na kuipenda, na anamkubali kuwa Mhindu, ingawa kama hali ya pekee. Ikiwa mapenzi yanaweza kuziba pengo la damu kwa mgeni, kwa nini yasizibe pengo la imani kwa mzaliwa? Kitabu hakina jibu la kuridhisha.

Sasa tukichukue kipimo hiki hadi ufukweni mwa ziwa letu. Savarkar anamruhusu Mhindu kuishi popote duniani na bado abaki Mhindu. Lakini kipimo hicho hicho, kikishikwa na mkono mwingine, kinamwambia Mhindu wa Kisumu: mababa zako wa kale wako Gujarati, mito yako mitakatifu iko India, basi hapa wewe ni mgeni. Mwaka 1972, ng'ambo ya ziwa, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Hakuhitaji kumsoma Savarkar. Mantiki ya kumpima mtu kwa asili ya mababa ilimtosha. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wala tusijione safi. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba wakili S.M. Otieno, aliyeishi na kufanya kazi Nairobi, azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mababa zake, kinyume na matakwa ya mjane wake. Tofauti ilitiliwa mkazo baina ya nyumba, ambayo mtu hujenga popote, na nyumbani, ambako huzikwa. Mila ya Waluo haidai dola wala haimfukuzi jirani, na kuilinganisha moja kwa moja na Hindutva kungekuwa dhuluma. Lakini damu na ardhi yenye makaburi zilitosha, mbele ya sheria, kuyashinda maisha aliyoyachagua mtu mwenyewe.

Kiswahili kinatupa jibu ambalo Savarkar hakulitarajia. Kwetu, Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo au Mhindu. Mwenye dini ile tumezoea kumwita Baniani. Yale aliyotaka kuyafumbata katika neno moja, lugha yetu imeyatenganisha. Si kwamba Kiswahili ni malaika: methali ya Baniani mbaya na kiatu chake dawa inatosha kutuaibisha. Hata hivyo, kutenganisha asili na imani kunaacha mlango ambao Hindutva inaufunga.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua raia wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Tendo hilo ni jema, lakini lugha yake inahitaji uhakiki: mtu amekubaliwa kwa kupewa kabila, yaani kwa kurudishwa kwenye jina na damu. Juliet alikosea kudhani kwamba jina halina nguvu. Savarkar alikosea zaidi, kwa kudhani kwamba nguvu hiyo ni haki.