Mpenzi Jini na Mume Aliyekwenda Ukweni

Vijana wetu wanasoma, na tuanze kwa kumshukuru Mungu kwa hilo, maana lawama kwamba Bariadi hakuna anayeshika kitabu si ya kweli. Wanachosoma zaidi ni hadithi za mapenzi ya majini, zile za mfululizo zinazokatwa pale utamu unapozidi. Msichana anakutana na kijana mtanashati anayenukia marashi, fedha hazimwishi mfukoni, na siku moja akitazama chini anaona kwato. Nasi wakubwa tunazisoma, tuseme kweli. Tunazichukua kwa kisingizio cha kuzikagua, kisha tunauliza sehemu inayofuata iko wapi.

Hatuzilaumu kwa sababu zina majini. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952, kina majini na ndugu wawili waliogeuzwa manyani, na hakikumpoteza mtu. Biblia nayo, katika Samweli wa Kwanza, inatupeleka usiku kwa mwanamke wa Endori aliyeulizwa habari za wafu. Tuisome sura ile hadi mwisho. Mwandishi haungi mkono kazi ya mwanamke yule, lakini anatuonyesha akimhurumia mfalme aliyeshinda na njaa, akimchinjia ndama na kumwokea mikate. Yule mama ana jiko, ana mifugo, ana huruma. Ni mtu.

Katika hadithi za majini mtu wa namna hiyo hayumo. Jini hapendi, anamiliki. Mali huja bila jembe, na mapenzi huja bila posa, bila wakwe, bila siku hata moja ya kuombana radhi. Mambo yakiharibika, ndoa ikikosa mtoto, hakuna anayejiuliza alikosea wapi. Yuko mtu nyuma yake: mama mkwe, jirani, au kikongwe wa nyumba ya tatu. Msimulizi anamhitaji mkosaji ili sura iishe.

Kwa wenzetu wa mbali huo unaweza kuwa mchezo. Marekani, Stephenie Meyer alitoa Twilight mwaka 2005, msichana akimpenda mnyonya damu, na wasomaji walifunga kitabu wakalala. Sisi tuliokua tukitishwa kwa habari za mumiani hatujui kama tungeweza kumtungia mumiani barua ya mapenzi. Na Usukumani kuna jambo zito zaidi. Vikongwe wameuawa kwa panga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa samadi na mabua baada ya miaka mingi ya kutupikia. Hatusemi waliowaua walitoka kusoma hadithi. Tunasema hadithi hizi zinamzoesha msomaji kuuliza swali lile lile walilouliza wauaji: ni nani amefanya hivi?

Ndiyo maana tunawasihi vijana wavuke ziwa kidogo. Ukitoka Bariadi ukapita Lamadi na Bunda, ukapanda kivuko Kisorya, unaingia Ukerewe, nyumbani kwa Aniceti Kitereza. Alikuwa Mkatoliki, amesomea seminari ya Rubya, na alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata akafariki.

Kitabu ni kirefu, na mahali pengine kinachosha. Kitereza hawezi kupita karibu na desturi bila kukaa chini kuieleza. Lakini kisa chake ni cha nyumba nyingi tunazozijua. Mke hana mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wake wanakuja kumchukua. Hapo mwandishi wa majini angemleta kijana mwenye kwato. Kitereza anamtuma Myombekere ukweni kwa miguu, akiwa na aibu yake, kumbembeleza baba mkwe. Anatozwa pombe ya ndizi, na tunasoma kurasa nyingi za jinsi anavyohangaika kuipata. (Ndugu zetu wanaokwazika na pombe watuvumilie, faini ni faini.) Mganga yumo pia, na dawa zake, na imani za kale ambazo Kanisa halikubaliani nazo. Kitereza, Mkristo, anaziandika bila dhihaka. Hilo limewasumbua baadhi yetu, na bado hatujakubaliana. Lakini uzito wa kitabu hauko kwenye dawa. Uko kwenye zile safari za ukweni.

Tena Kitereza hakuandika kwa starehe. Yeye na mkewe Anna walifiwa na watoto wao wangali wadogo. Mtu aliyezika hivyo, katika nchi ambayo kila kifo hutafutiwa mwenyewe, angeweza kujaza kitabu kizima wachawi, na hakuna ambaye angemshangaa. Aliandika mume anayekwenda kumrudisha mkewe.

Nakala yetu imeng'oka jalada kwa kupita nyumba hadi nyumba. Sasa iko kwa binti mmoja wa kwaya, msomaji mkubwa wa majini. Jumapili iliyopita alituambia amefika pale ndizi zinapotafutwa, akatuuliza kama baba mkwe atakubali. Tulikataa kumwambia.