Mkanda Uliochaguliwa kwa Jua

"Unakwenda wapi, na mwezi gani?" Fundi picha mmoja mzee wa Mombasa alikuwa hamuuzii msafiri mkanda kabla ya kumuuliza hivyo. Ukisema London, Desemba, ule mkanda wa kasi ya ASA 100 uliokwisha kuushika ulirudi rafuni, ukapewa wa 400: majira hayo jua la huko huchwa karibu saa kumi alasiri, na mara nyingi mawingu hayaliachi lionekane. Ukisema Muscat, 100 ilitosha na kubaki.

Uamuzi ule ulikuwa mzito kwa sababu haukubadilishwa njiani. Mkanda ukishaingia kwenye kamera, ni picha 36 za kasi moja, uwe ufukweni adhuhuri au sokoni magharibi. Velvia ya Fujifilm, iliyotoka 1990 ikiwa na kasi ya 50, iliwapendeza wapiga picha wa milima na mashamba kwa kijani chake kilichokolea. Lakini ukimpiga nayo picha bibi harusi, uso hutoka mwekundu. Mjuzi alifungasha mikanda ya aina mbili tatu, akaibeba mkononi, asiitie kwenye sanduku la mizigo ambako mionzi ya ukaguzi huiharibu.

Baada ya mkanda, uamuzi uliofuata ulikuwa wa filta, na katika zote ninayoienzi ni polaraiza: kioo cha rangi ya moshi ndani ya pete inayozunguka. Unasimama jua likiwa upande wa bega, jicho tunduni, vidole vinaizungusha pete taratibu. Mng'ao juu ya maji unafifia, changarawe za chini zinajitokeza, samawati ya anga inakolea mpaka mawingu yanasimama peke yake. Ukizidisha kidogo, mng'ao unarudi. Na haikuwa bure: ilinyang'anya stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga, kwa hiyo aliyetia mkanda wa 50 alihitaji mkono mtulivu, au stendi.

Simu nazo zina filta, lakini hizo hupakwa baadaye, kitini, kama poda usoni. Ile ya kioo uliamua ukiwa umesimama mbele ya kitu chenyewe, na ulichokizuia hakikurudi tena. Siku hizi tunaipiga picha sahani moja ya chakula mara ishirini, na hatuangalii hata moja.

Na mikanda yenyewe imepungua. Ule wa Kodachrome, ulioanza 1935, uliacha kutengenezwa 2009. Maabara ya mwisho iliyousafisha, mjini Parsons, Kansas, iliacha kuupokea mwishoni mwa 2010. Aliyesahau mkanda wake kabatini hana tena pa kuupeleka ukatoka na rangi zake.

Mikanda mingine bado inauzwa. Kama kamera ya baba yako ipo ndani, ipanguse vumbi na uende nayo safari ijayo; wangali wapo mafundi wanaojua kusafisha mikanda.