Kuvua na Kuvuliwa

Methali "Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga" hufasiriwa kuwa wasia wa ustahimilivu. Mwili uliomo ndani yake husahauliwa. Na isomwe upya katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ambako katika karne ya 19 merikani na kaniki zilikuwa vazi na pia fedha. Avuaye ukingoni mwa Malagarasi huweka chini mali na cheo, akabaki mtu mbele ya maji. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha mateka, na methali yao ni nyingine: "Mvuliwa nguo huchutama." Aibu, basi, haimo katika uchi, bali katika kauli ya kutendwa. Avuaye huoga, avuliwaye huchutama.