Paa la matete la Globe lilivyopata kibali London

Ukumbi wa michezo wa Globe, kando ya mto Thames, ulipofunguliwa mwaka 1997, ulikuwa jengo la kwanza kuruhusiwa kuezekwa kwa matete jijini London tangu moto mkubwa wa 1666. Amri ya kukataza mapaa ya nyasi na matete jijini humo ilikuwa kongwe zaidi: ilitolewa mwaka 1212, baada ya moto mwingine. Mji wenye kumbukumbu kama hiyo hautoi kibali kwa heshima ya jina la Shakespeare tu. Wahandisi walilazimika kueleza paa la namna hii huunguaje hasa. Maelezo yao yanatuhusu sisi wa mwambao, ambao hoteli na migahawa yetu mingi imeezekwa makuti.

Globe ya awali iliungua tarehe 29 Juni 1613. Ulikuwa ukionyeshwa mchezo wa Mfalme Henry wa Nane, na mizinga ikapigwa kumlaki mfalme jukwaani. Kipande kilichokuwa kikiwaka kikaruka kutoka kwenye mzinga, kikanasa kwenye nyasi za paa. Henry Wotton, aliyeandika habari hiyo siku chache baadaye, anasema watu waliuona moshi wakaudharau, macho yakabaki kwenye mchezo. Moto ukazama ndani ya nyasi, ukakimbia kuzunguka paa, na haikutimia saa moja jengo zima likawa limeteketea. Watu walinusurika, ingawa walikuwa na milango miwili tu ya kutokea, tena myembamba. Globe ya pili, ya 1614, ikaezekwa vigae.

Tusipite haraka hapo moto ulipozama, maana ndipo penye kiini cha mambo. Matete yaliyoshindiliwa vizuri, kwa kawaida unene wa sentimita 30 hivi, huungua polepole kwa juu kwa sababu hewa haipati njia kati ya mabua. Balaa huanza moto ukishafika upande wa chini, kwenye uwazi wa kombamoyo na fito, ambako hewa ni tele. Hapo hata Zimamoto hupata tabu kubwa. Paa hilo limeezekwa makusudi ili limwage maji, kwa hiyo maji ya mpira nayo huteleza hadi upenuni huku moto ukiendelea kula kwa ndani.

Kiwango cha Uingereza cha BS 476, sehemu ya 3, kiliyatenganisha mambo hayo mawili kwa herufi mbili. Herufi ya kwanza huonyesha moto wa nje unachukua muda gani kupenya paa: A ni paa lililohimili saa nzima. Ya pili huonyesha moto unavyosambaa juu yake: A ni paa ambalo moto haukusambaa kabisa, na D ndiyo mbaya kuliko zote. Kanuni za ujenzi za huko kwa muda mrefu ziliyahesabu matete kuwa na D kwa herufi ya pili, hata kama herufi ya kwanza ilikuwa nzuri. Ndiyo maana nyumba ya kawaida yenye paa hilo hutakiwa ikae angalau mita 12 kutoka mpaka wa kiwanja.

Katikati ya London mita hizo huzipati. Kwa hiyo Globe ilishughulikia usambaaji wenyewe. Matete yalitiwa dawa ya kuzuia moto, na kwenye mgongo wa paa kukapitishwa mabomba yenye vinyunyizio, ili maji yashuke pande zote na kulilowesha paa kabla cheche haijazama. Maji yanayomwagwa mapema juu ya paa hufanya kazi ambayo mpira wa Zimamoto hauwezi kuifanya baadaye. Milango ya kutokea nayo iliongezwa.

Huko Dorset, kusini mwa Uingereza, halmashauri zilishika upande wa pili, ule wa kupenya. Mwongozo wao unakubali nyumba za matete zikaribiane zaidi ya kanuni ya mita 12, ilimradi chini ya matete kuwe na ubao wa kuhimili moto kwa nusu saa, na bomba la moshi lipande mita 1.8 juu ya mgongo wa paa. Kwangu mimi huu ubao ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote: ni rahisi, hauonekani, na unawapa watu muda wa kutoka wakiwa hai.

Makuti ya viungo yana ugumu wake. Majani yake hukunjwa juu ya ufito na kuachwa yaning'inie, kwa hiyo hewa huyapitia pande zote, na tarakimu za matete haziwezi kuhamishiwa kwake. Mara nyingi hayana ubao wala dari chini yake. Ukiinua macho mgahawani unayaona yenyewe, na waya wa taa umefungwa kwenye kombamoyo. Halafu kuna suala la dawa. Kipimo cha Marekani cha ASTM E108 hakimwamini muuzaji wa mbao za paa zilizotiwa dawa: kabla ya kuchomwa, mbao hizo hunyeshewa siku nne na kukaushwa siku tatu, wiki baada ya wiki, kwa wiki 12. Makuti yanayopigwa na masika na vuli yanastahili ukali uo huo. Cheti cha dawa kisichotaja tarehe ya kupuliziwa na tarehe ya kurudiwa kisikubaliwe na mkaguzi yeyote, na kabla hajasaini apande ngazi, aingize mkono chini ya makuti, aone kuna nini.