Kiingereza cha Safu Mbili

Kuna aina ya kitabu ambayo sisi wahakiki hatuigusi kabisa: kijitabu cha kujifunza Kiingereza bila mwalimu. Karatasi nyepesi, pini mbili katikati, Kiswahili safu ya kushoto, Kiingereza ya kulia. Nimesoma kadhaa kwa kalamu mkononi, kama ninavyosoma diwani, kwa sababu kuna watu wanaovitegemea kweli.

Chukua mtoto wa Manyovu, mpakani na Burundi. Nyumbani anaongea Kiha, na kwa Kiha hicho anaelewana na Mrundi aliyevuka kuja sokoni. Shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, hesabu na baiolojia zinageuka Kiingereza. Shida yenyewe si ya jana. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakitoshi kusomea. Kijitabu kinajaribu kuziba pengo hilo kwa bei ambayo mzazi anaimudu. Kwa hilo nakiheshimu.

Ila kinazibaje? Vingi vinatoa kanuni moja: "-me-" ni "have" au "has". Amekula, "he has eaten". Sawa. Haya, amevaa shati jekundu? Mwanafunzi mtiifu ataandika "he has worn a red shirt", wakati Mwingereza angesema "he is wearing". Amelala na amesimama ni vilevile: kwa kawaida "-me-" hapo inaeleza hali ambayo mtu yumo sasa hivi. Kwa hiyo kosa halikuanzia kwenye Kiingereza. Limeanzia safu ya kushoto, kwa mwandishi aliyedhani Kiswahili hakihitaji maelezo.

Mfano wa pili unauma zaidi. Mwalimu anauliza, "Haven't you understood?" Mtoto anafuata Kiswahili chake na kujibu "Yes", yaani ndiyo, sijaelewa. Kwa Kiingereza amesema ameelewa. Mwalimu anafuta ubao, somo linasonga mbele. Katika vijitabu nilivyosoma, sijaona hata kimoja kinachogusa jambo hili.

Tukija kwenye nahau, ndiyo balaa. Zimepangwa kama bei za dukani. "Kick the bucket": kufariki dunia. Basi! Kesho kijana anaomba ruhusa kazini kwa barua inayosema "my grandfather kicked the bucket", na bosi hajui acheke au ampe pole. Sisi wenyewe tuna kufa, kufariki na kudanja, na hakuna anayesimama msibani kutangaza kwamba mzee amedanja. Mstari mmoja wa onyo ungetosha: hii ni ya utani.

Nahau inashika ikipata jirani. "Take it with a pinch of salt" hutafsiriwa "usiamini sana", kisha tunaruka kwenda nyingine. Jamani, huu ni mkoa wa Kigoma, wenye chumvi ya Uvinza iliyouzwa mbali tangu kabla ya ukoloni! Mweleze mtoto hivi: kwetu msimuliaji ndiye anayetia chumvi, kwa Mwingereza msikilizaji ndiye anayeiongeza, na aliyekula chumvi nyingi ni mzee wa miaka mingi. Hapo hatasahau, na atakuwa amejifunza lugha mbili kwa mara moja.

Sidai vijitabu hivi viondolewe sokoni. Nadai mwandishi wake aijue safu ya kushoto kama anavyoijua ya kulia, na apunguze nahau kutoka mia hadi kumi, kila moja ikiwa ndani ya kisa kifupi. Na ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya "good morning", aweke swali la "Hujaelewa?" na namna ya kulijibu.