Heko, Mhakiki

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa vitabu, walikosea kidogo. Riwaya nzuri yaweza kulala rafuni ikila vumbi mpaka atokee mtu wa kuisemea.

Mtu huyo ni mhakiki. Mara ya kwanza husoma kwa raha, kama sisi sote. Mara ya pili hushika penseli: anapiga mstari, anaandika "mbona?" pambizoni, anarudi nyuma kurasa arobaini kuhakikisha mhusika hajajikana.

Kwa mfano, mwandishi Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya ya Nagona mwaka 1990, wasomaji waliozoea uhalisia wa riwaya yake ya awali, Rosa Mistika (1971), waliachwa njia panda. Kisa hakishikiki, wakati umevurugika, ndoto na hali halisi vimechanganyika. Wahakiki ndio waliotushika mkono, wakatuonyesha kwamba kile kitabu chembamba kimebeba falsafa nzito, na kwamba kupotea ndani yake ni sehemu ya safari.

Malipo yao ni haba, na lawama haziishi: wakisifu, wanajipendekeza, wakikosoa, wana husuda. Hata hivyo wanaandika. Bila wao tungekuwa na vitabu, lakini mazungumzo juu yake yangekuwa machache. Heko kwenu, na penseli zenu zisiishe ncha.