Mchekeshaji Mzuri Utamjua kwa Mhudumu

Ukitaka kujua mchekeshaji aliyesimama jukwaani ni wa kiwango gani, usitazame meza ya mbele. Pale wamekaa mgeni rasmi na mdhamini, nao watacheka hata wakisomewa bei ya saruji, maana kamera imewaelekea. Mtazame mhudumu anayepita na trei ya soda. Kumbi za Mwanza zina harusi kila Jumamosi, na utani wa mama mkwe kijana huyo anaujua kuliko wanaousema. Akisimama na trei yake kusikiliza, ujue kuna kitu.

Wasukuma wana kipimo kikali zaidi. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na linalovuta watu wengi upande wake ndilo mshindi. Ndiyo maana wamo wanaocheza na nyoka. Mchekeshaji aliyezoea watu waliokwisha kulipa kiingilio na kukaa kitini, natamani kumwona kwenye mashindano hayo pale Bujora mwezi wa Juni akigombania watazamaji na chatu.

Kisha sikiliza ameona nini. Aliye mvivu akifika Kanda ya Ziwa hufungua na lafudhi ya Kisukuma, ukumbi unalipuka, naye anahamia humo humo mpaka anashuka. Mzuri ameutembea mji. Chukua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Mmoja atasema ni refu mno, ukifika ng'ambo umeshazeeka. Sawa, ila utani huo unafaa daraja lolote duniani. Mwingine atasema: "Daraja limetuondolea foleni ya kivuko, nashukuru, ila juzi nimechelewa kurudi Sengerema, mke wangu akaniuliza, haya, sasa ulikuwa wapi?" Huu hauhamishiki. Umebeba visingizio vya miaka mingi vya waume wa ng'ambo ile. Tena angalia swali la mke limewekwa wapi: likitangulia yeye akabaki anaeleza habari za kivuko, utani umekufa.

Pima pia ni nani anayeumia. Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kilo ya mabondo ya sangara, yaani vibofu vya hewa vya tumboni mwake, huuzwa ghali kuliko kilo ya minofu yake. Mchekeshaji akishika kitambi chake akalalamika kwamba amekibeba miaka yote hii na hakuna mnunuzi wa mabondo aliyewahi kumuulizia bei, amejiuza mwenyewe, hakuna wa kununa. Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaondolewa, ni mtihani mgumu zaidi. Tangu filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iyaonyeshe duniani, yamekuwa jambo la aibu na ubishi. Aliyeyala ana haki ya kuyatania. Anayekuja kuwacheka walaji ashushwe jukwaani, kwani hata watani wa jadi wanaotaniana msibani ndio hao hao wanaohudumia msiba.

Mavazi yasikudanganye. Gauni na mto tumboni huleta kicheko cha kwanza tu; cha pili lazima kitafutwe. Mchekeshaji Joti amecheza ubibi na utoto kwa miaka, na kinachombeba ni kujua bibi anavyokaa na anavyogomba. Marehemu King Majuto, aliyefariki 2018, wala hakuhitaji gauni: uso ulitosha. Na wanaodhani uchekeshaji wote hutoka Dar es Salaam, wakumbuke Futuhi ya Star TV, kituo cha hapa hapa Mwanza.

Mwisho msikilize akizungumzia kazi yake. Wengi hapo hujisifia magari na kutafuta kiki. Ninayemwamini atakwambia ukweli wa biashara hii: kituoni watu hamsini wamepiga naye picha, hakuna aliyempa lifti, kondakta wa daladala ya Igoma kamtambua, kamwita jina kwa furaha, abiria wamegeuka wote, kisha kamdai nauli. Anayeweza kusema hayo bila kujihurumia ameiva.

Ukimpata wa namna hiyo, lipa kiingilio. Usimpigie simu akuingize bure eti mlisoma wote.